Kiduara cha Mpangaji Wangu

Mpangaji wangu hapa Kanyenye ni binti anayetengeneza programu. Vidole vyake havitulii; hata akila, vinagonga sahani. Ndani ya kompyuta yake kuna kompyuta nyingine isiyoshikika, ndiyo anayofanyia kazi. Mafaili yake hupanda mtandaoni, kwenye wingu, yakashukia kompyuta ya ofisini kwake Urambo. Sharti aizime hiyo ya ndani huku kwanza, angoje kiduara kwenye kioo kiache kuzunguka, ndipo awashe kule. Ikiwaka huku na kule kwa pamoja, kazi inavurugika. Huwa anakihimiza kiduara kama anaswaga ng'ombe: "Panda, baba, panda!"

Tangu mke wangu Marcelina afariki, kitandani sitoki mapema. Nitoke nimwamkie nani? Lakini binti akiwa Urambo, saa mbili asubuhi simu inalia. "Shikamoo babu. Nimesahau kuzima! Kaniangalizie, kazi ya wiki nzima itaharibika." Mara ya kwanza nilikuta inawaka kweli. Akanielekeza kuizima, na nilipokuwa nangoja akauliza, "Dirisha umefungua? Uji umebandika?"

Jumatatu alipiga tena, sauti ya kuhaha. Nikaenda mbio na shuka begani. Kompyuta ilikuwa imezimwa, imefunikwa kanga, waya umeviringishwa vizuri juu yake. Kumbe anataka tu nitoke kitandani.

"Babu, kimeacha kuzunguka?"

"Bado," nikamwambia. "Kinazunguka vibaya sana. Usiwashe huko mpaka nimalize uji."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, kunywa taratibu, babu. Nangoja."