Mpaka Pasi Ipoe

Wifi yangu alikuwa akinichosha, na sioni sababu ya kuficha. Baridi ikianza tu, nyumba ya kaka yangu inageuka kambi ya jeshi. Ukibisha hodi unaulizwa kwanza kama una mafua. Ukikohoa, hata kama ni mate yamekupalia, unarudishwa ulikotoka. Ukiruhusiwa kuingia unanawa mikono kwa sabuni, ndipo unasalimiwa. Yeye mwenyewe utamkuta amevaa soksi jozi mbili na koti zito la kijivu, chupa ya maji ya uvuguvugu iko mkononi, anakunywa hata kama hana kiu. Mimi na dada zangu tulimpa jina la Koti. Alilijua, na hakucheka.

Ana selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Mwili wake ukipigwa na baridi ghafla, damu inakwama njiani na maumivu yanamshika kwenye mifupa mpaka anapiga kelele. Hayo nilielezwa mara nyingi, yakaingia sikio hili yakatokea lile. Kila mwaka baridi ilimlaza hospitali. Tulikwishazoea, tukawa tunapangana zamu za kumpelekea chakula kabla hata hajaugua. Mwaka uliopita alilazwa siku kumi na tisa, kifua nacho kikashikwa, ikabidi asaidiwe kupumua kwa mashine. Daktari alimwambia waziwazi mbele ya kaka kwamba kifua kile hakitastahimili mara nyingine kama hiyo. Akarudi nyumbani na neno moja tu: baridi ijayo silazwi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliona anajidekeza.

Kazi nilimtafutia mimi, miaka sita nyuma, kwenye duka la dobi ninapopokea nguo kaunta. Yeye ni mpiga pasi, na kati ya wapiga pasi wanne hakuna anayemfikia. Shati la mikono mirefu analimaliza kabla hujamaliza kumsimulia ya kwako, na kola haina hata mkunjo. Chumba cha pasi kina joto mchana kutwa, na hilo lilimfaa. Tatizo ni kutoka. Mpiga pasi anamaliza zamu fulana imemganda mgongoni kwa jasho, na mlango wa wafanyakazi unatokea uani, kwenye upepo unaokata masikio.

Pale palikuwa na desturi ya tangu mwenye duka alipokuwa akipiga pasi mwenyewe: hakuna kutoka mpaka pasi yako ipoe. Unaichomoa, unaisimamisha, unakwenda kukaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Unajifuta, unavaa kikavu, mnapiga soga. Ukiweza kuigusa pasi kwa kiganja bila kuruka, nenda zako. Hakuna aliyewahi kusema kwamba desturi ile ni ya afya. Wote walisema ni ya pasi, eti isije ikaunguza rafu.

Hapo ndipo msimamizi mpya alipojikwaa. Alikuwa mkwe wa mwenye duka, kijana mwenye saa kubwa na haraka kubwa zaidi. Katikati ya msimu wa baridi kazi zilizidi, akaanzisha zamu ya pili. Kengele ikilia, wa zamu ya kwanza anamkabidhi mwenzake pasi ikiwa bado ya moto. Chumba cha kubadilishia nguo akakijaza mablanketi yaliyosubiri wenyewe.

"Pasi hazipoi tena," akatangaza, "kwa hiyo hakuna cha kusubiri. Kengele ikilia, nje."

Wifi alimfuata kaunta, mbele yangu.

"Bosi, mimi sikai pale kusubiri pasi. Nasubiri jasho likauke."

"Jasho kakaushie nyumbani, mama."

"Nikifika nyumbani nitakuwa nimeshaumwa. Nina selimundu. Cheti cha daktari ninacho."

"Kila mtu hapa ana cheti. Huyu mgongo, yule presha. Nikiwasikiliza wote, nguo atapiga nani?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni ndugu yake. Ni kweli anaumwa hivyo, au anadeka tu?"

Wifi alinitazama. Nilikuwa na foleni ya wateja. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimerudishwa mlangoni kwa kaka yangu mwenyewe kwa ajili ya chafya moja, na hasira ilikuwa bado haijanishuka. Hizo ndizo sababu zangu, na hakuna hata moja iliyo nzuri.

"Mimi si daktari," nikasema.

Msimamizi akacheka. Wifi akarudi kwenye pasi yake.

Siku mbili alitokea uani na jasho lake chini ya koti. Siku ya tatu vidole vikaanza kumuuma, akanipita bila salamu. Kaka alinisimulia baadaye kwamba jioni ile alijifunika mablanketi matatu, akinywa maji glasi baada ya glasi, akimeza dawa zake za maumivu na kutukana. Alimtukana msimamizi, akanitukana mimi, akaitukana na baridi yenyewe. Kaka aliposema waende hospitali, alimtupia mto. Asubuhi maumivu yalikuwa yamelegea, akavaa akaja kazini.

Siku hiyo kengele ilipolia hakuelekea uani. Alipita mlango wa ndani akatokea mbele kwa wateja, kwenye chumba pekee chenye hita. Walikuwapo watu watano vitini. Akajifunika koti mabegani, akaingiza mikono ndani, akaanza kuvua fulana. Ilitoka imelowa chapachapa, akaibwaga juu ya kaunta yangu. Mzee aliyekuja kuchukua suti aligeuza uso ukutani.

"Mnashangaa nini?" akawauliza. "Hamjaona mtu akibadilisha nguo? Hapa si ndipo pa nguo?"

Mama mmoja akaguna kwamba siku hizi watu hawana haya.

"Haya ninayo," wifi akamjibu. "Kifua cha akiba ndicho sina."

Msimamizi akaja mbio. Alimwambia atoke, akajibiwa kwamba atatoka akikauka. Alimwambia amefukuzwa kazi. Vizuri, wifi akasema, basi sasa ni mteja, na wateja wanaruhusiwa kukaa. Akavaa fulana kavu humo humo ndani ya koti, akakaa. Alikaa robo saa nzima kando ya hita, mikono mapajani, msimamizi akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, nami nikiandika majina ya wateja. Aliponyanyuka aliichukua ile fulana mbichi kwa vidole viwili, akaniinamia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema polepole. "Na mimi nguo nimezishika miaka sita, sikukiona."

Nililia chooni, na hata kule nilikuwa nikimlaumu yeye.

Bila yeye mambo hayakwenda. Mashati yalirudishwa kola zimekunjamana, na katika juma moja wapiga pasi wawili wakashikwa na kifua, wasionekane kazini. Mwenye duka, bibi wa miaka sabini na mdomo usio na breki, akaja mwenyewe na mkongojo wake. Aliuliza kwa nini watu wanatupwa nje na jasho. Mkwe akaanza kueleza habari ya pasi na rafu.

"Pasi?" bibi akasema. "Pasi ni chuma, mjinga wewe. Mimi nilikuwa nawapoza watu!"

Mablanketi yakatolewa siku ile ile, na mimi nikatumwa kumwita wifi arudi.

Nilikwenda Jumapili. Mlango sikufunguliwa, nikasimama dirishani. Ndani alikuwa ameweka meza ya pasi, kando yake rundo la nguo za majirani. Nikampa habari zote kupitia kioo.

"Nani kakutuma?"

"Mwenye duka. Anasema urudi hata kesho."

"Mwambie nashukuru. Nitarudi baridi ikiisha. Kwa sasa sitoki."

"Na mimi, wifi?"

"Wewe nini?"

"Nilikosa. Nisamehe."

Alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo. Uso wake ulikuwa umejaa, mikono haina uvimbe. Nilifurahi kumwona hivyo, na papo hapo nilichukia kwamba amenawiri bila mimi.

"Nilihitaji mtu mmoja tu wa kusema kwamba ninaumwa," akasema. "Mmoja. Nenda nyumbani. Nikikutaka nitakuita."

Baridi iliisha. Hakulazwa hata siku moja, mara ya kwanza tangu aolewe na kaka yangu. Amesharudi kazini. Zamu ikiisha anakaa na wenzake robo saa, nami nasikia kicheko chake kutoka kaunta.

Bado hajaniita.