Aliyemsindikiza Mwanangu Uwanjani

Mwanangu ni mfupi. Ufupi kaurithi kwangu, na tangu anasoma Tottenham, hapa Landani, makocha walikuwa wakimtazama utosini na kumwambia mpira wa kikapu una wenyewe. Mimi nikamwambia awaache waseme. Nikitoka zamu ya kulea wazee Edmonton, napanda mabasi mawili, nakaa kwenye kumbi zenye baridi nimejifunga mtandio, namtazama akipenya baina ya mapande ya watu na kuwagawia mpira. Ndiyo kazi ya mchezeshaji: yeye huwapa wenzake, wao hufunga, wao hupigiwa makofi.

Chuo kimoja cha Marekani kikamchukua bila ada. Huko akapokewa na mke wa kocha, mwanamke mrefu, mweupe, mwenye meno mengi. Kila nikipiga simu, yuko kwake anakula. Nikiuliza anakula nini, ananijibu kwa Kiingereza kuwa chakula ni kizuri sana, utadhani kwangu alikuwa akila mchanga.

Wana desturi huko: kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani, kila mchezaji anayemaliza chuo huingia uwanjani kashikana mkono na mzazi wake, na watu wote husimama. Nilishanunua buibui jipya. Viza nikanyimwa. Basi nikatazama kwenye simu, nimejifungia stoo ya mashuka kazini, nikamwona yule mwanamke kamshika mwanangu mkono, kapewa maua, analia. Analia nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimwonea wivu hadi nikaomba ajikwae mbele za watu. Hakujikwaa.

Kisha mwanangu akapata mkataba wa kulipwa na timu ya hapa Landani. Nikasema sasa karudi kwangu. Siku ya mechi yake ya kwanza nafika ukumbini, kiti cha pembeni yangu kakaa yule yule, kaja kwa ndege, kavaa fulana yenye jina la ukoo wetu mgongoni. Akanikumbatia. Nami nikamkumbatia, kwa mkono mmoja.

Walishinda. Mwanangu akatujia kwenye viti huku jasho linamtiririka, akaita, "Mama!"

Mimi, tangu aanze kusema, ananiita Mum, kama watoto wote waliozaliwa hapa. Nimemkemea, nimembembeleza, Mama hajapata kuniita. Hata hivyo nilisimama. Yule mwanamke naye akasimama, na ndiye aliyeitika.

Nilimvuta mwanangu pembeni, nikamuuliza neno lile kampa mtu kwa idhini ya nani. Akacheka. Akanieleza, kwa Kiingereza chake, kwamba asingeweza kumwita Mum, kwa kuwa Mum ni mimi peke yangu. Yule ilibidi amtafutie jina jingine.

"Mwanangu," nikamwambia, "mengine yote mpe. Hilo lilikuwa langu, nami nilikuwa nikilingoja."