Siku Niliyomwona Baba Kwenye Zizi

Baba alikufa katika ile miaka ya foleni, sabuni ikipatikana kwa kibali na sisi wa Musoma tukifulia majani ya mpapai. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nimepanga chumba Mwisenge, na nyumbani kwetu ni Suguti. Aliugua kifua wiki mbili. Dawa aliyoandikiwa niliitafuta mji mzima nikaikosa. Jeneza lake lilitengenezwa na fundi mmoja Mwislamu wa Nyasho. Misumari mipya haikuwepo madukani, kwa hiyo aling'oa ya zamani kwenye makasha, akainyoosha mmoja mmoja kwa nyundo, nami nimesimama pembeni nikimngoja.

Mimi niliacha kusali nikiwa chuo cha ualimu. Sikugombana na padri wala mchungaji. Niligundua tu kwamba yale maneno niliyokuwa nikiyasema nimefumba macho, sikuwa nikimwambia mtu yeyote. Nilikwenda kumweleza baba mwenyewe, maana sikutaka ayasikie kwa wengine. Aliniuliza kama bado nitakuwa nakwenda kwenye misiba ya watu. Nikamjibu nitakwenda. Hakuuliza zaidi.

Siku ya tisa baada ya mazishi nilikuwa bado Suguti. Saa kumi alasiri nilitoka nyuma ya nyumba kumwaga maji, nikamwona baba amekaa kwenye gogo lake kando ya zizi. Alivaa koti lake la kijivu, mkono mmoja juu ya goti. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na mti wa kuleta kivuli. Nilisimama na beseni mkononi, nikaona hata kola ilivyokunjika upande mmoja. Kisha ng'ombe mmoja mzee, aliyekuwa amelala, aliinuka, akatembea taratibu mpaka kwenye gogo, akanyoosha shingo. Nilipomtazama ng'ombe na kurudisha macho, gogo lilikuwa tupu.

Sikuogopa wakati ule. Niliweka beseni chini, nikaenda kugusa gogo, nikazunguka zizi. Hapo ndipo hofu iliponijia, nikakaa chini. Nilijieleza kama ambavyo ningemweleza mwanafunzi: sijalala vizuri siku nyingi, macho yangu yamemwona mtu huyu mahali hapa tangu utoto, na ubongo hujaza unachokitegemea. Maelezo yalikuwa mazuri. Lakini ng'ombe sikuwa na maelezo yake.

Kosa langu lilikuwa kumwambia kaka. Kaka yangu mkubwa alikuwa mvuvi na mzee wa kanisa, na nilidhani nikimsimulia, kile kitu kitapungua uzito. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akaondoka. Kesho yake asubuhi ukoo ukaitwa uani.

Mama yetu alikuwa amefariki zamani, na baba alioa mwanamke mwingine, mdogo kwake kwa miaka mingi. Tulimwita mama mdogo. Hakujaliwa mtoto. Ndiye aliyempikia baba hadi mwisho, ndiye aliyemchemshia majani ya kifua. Minong'ono ilianza kabla hata ya kaburi kukauka: kwamba majani yale hayakuwa ya kifua. Kwetu siku hizo mnong'ono wa namna hiyo ulikuwa umewahi kuishia kwenye panga, na mwanamke aliyenong'onwa alijua.

Alikaa mwisho wa mkeka, khanga imefunika kichwa. Kaka alisimama, akanionyesha kwa mkono wazi.

"Huyu mnamjua," alisema. "Hasali, hatambiki, haamini chochote. Naye kamwona baba kwa macho yake, mchana. Baba hajapumzika."

Nilielewa hapo kwamba kutoamini kwangu, kulikowahuzunisha miaka yote, sasa kumekuwa ushahidi mkubwa kuliko wowote waliokuwa nao. Ningeweza kukana. Ningesema kilikuwa kivuli, nilitania. Niliwaza haya nikiwa nainuka. Lakini wangeona nimehongwa na mama mdogo, na isitoshe nilikuwa nimemwona.

"Nimemwona baba," nilisema, "au nimeona kitu kinachofanana naye kabisa. Sikatai. Lakini hakusema neno, wala hakumnyooshea mtu kidole. Habari ya nani kamfanya nini haikutoka kwake. Imetoka kwetu."

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, aliniuliza kama nilimwona au sikumwona. Nikasema nilimwona, na kwamba sijui ni nini nilichokiona, na kwa jambo nisilolijua siwezi kumfukuza mtu nyumbani kwake. Niliongeza kwamba cheti cha hospitali kimeandikwa nimonia, na mimi ndiye niliyekosa dawa, kwa hiyo kama wanatafuta mkosaji waanze na mimi.

Habari ya ng'ombe sikuisema. Niliogopa wataishikilia, na niliogopa mwenyewe. Nimekuwa nikiwafundisha watoto kuandika vipimo vyote, hata vinavyoharibu jibu, na siku ile niliacha kimoja.

Kikao kilivunjika bila uamuzi. Hakuna aliyemgusa mama mdogo. Lakini wanawake waliacha kuongozana naye kwenda ziwani kuchota maji, na siku ya nne aliniambia anakwenda kwa kaka yake Bunda. Nilimpakia mzigo wake kwenye baiskeli mpaka Musoma, tukapata lori. Njia nzima alitazama mbele. Tulipopita njia panda ya Butiama aliniomba nimshikie chupa ya maji, hayo tu.

Nilikwenda kumtembelea miezi kadhaa baadaye. Alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo. Alinikaribisha, akauliza habari za watu wote, hata za kaka. Kisha akataka nimsimulie alivyokuwa baba siku ile. Kwake nilisimulia yote, na ng'ombe nikamtia.

"Yule wa pembe moja?" aliuliza. "Saa kumi marehemu alikuwaga anampa magadi pale pale. Kila siku, mwanangu. Hakukosa."

Kumbe mnyama alikuwa amezoea kulamba magadi saa ile, na mimi nilikuwa nimezoea kumwona baba pale. Jambo lililonisumbua miezi mingi alikuwa ameliweka sawa bila kuacha dagaa zake, wala yeye hakuliona kama jibu la chochote. Nilitegemea nitafurahi. Nilijisikia kama nimemzika tena.

"Alikutazama?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Alikuwa anaangalia ziwani."

Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kuchambua.

Baadaye biashara zilifunguliwa, mitumba ikajaa sokoni Bunda, naye akapata meza ndogo ya maandazi karibu na stendi. Suguti hakurudi. Kaka na mimi tulisalimiana kwenye misiba tu.

Kisha mke wa kaka akafariki. Wiki tatu baada ya mazishi kaka alikuja kwangu Mwisenge mchana, shati limefungwa vifungo vibaya. Nilimwekea chai. Alizungumza habari za nyavu, na bei ya sangara tangu viwanda vije.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe hujamwona shemeji yako?"

Aliniuliza kama mtu anayemwuliza daktari. Ningeweza kumpa alichokitaka kwa neno moja.

"Sijamwona, kaka," nilimwambia. "Ningemwona ningekwambia."

Alifuta uso kwa kiganja. Hakulia. Chai ilipoa mbele yake. Mwishowe aliniuliza yule mama anakaa upande gani wa Bunda, na kama nadhani atakubali kumpokea. Nilimwambia la pili silijui. Nikachukua kofia yangu, tukaenda stendi pamoja.