Azalia ya Fundi Chokaa

Kila jioni, kabla hajagusa kikombe cha chai, Mmanga hukamua ndimu mbili na kujisugua mpaka viwikoni. Miaka thelathini anapiga chokaa kuta za Mji Mkongwe, na chokaa imemuingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Hajisugui kwa ajili ya usafi wake. Uani kwake, ndani ya chungu kifupi kama sahani, unaishi mti wa maua, azalia, usiofika gotini, na azalia haipatani na chokaa hata kidogo.

Alipewa na mkwewe wa Lushoto, Bi Mwanamwema, siku alipomuoa Kazija.

"Mikono hii imezoea mawe," bibi alisema mbele za watu. "Mwanangu nimeshakupa. Chukua na kijiti hiki, nione kama unajua kulea."

Watu walicheka. Mmanga naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa.

Imepita miaka kumi na tisa. Alikunja matawi kwa waya, akapunguza mizizi, akaagizia udongo mweusi wa msituni hukohuko Lushoto. Maji ya kisima hakuyatumia, maana yamepita kwenye mawe ya chokaa. Aliweka pipa chini ya mlizamu unaoshusha maji ya darini, akakinga ya mvua. Shina likanenepa kama kifundo cha mkono. Maua tu ndiyo yaliyokataa kuja, kwa joto la kisiwani. Mwaka huu kipupwe kilikuwa kikali, na matumba yakajaa mti mzima. Mmanga akapiga simu mwenyewe: "Mama, njoo uone." Bibi, ambaye hajawahi kufika Unguja, akasema atakuja Alkhamisi.

Jumanne majani yalikuwa ya manjano, mishipa tu ndiyo ya kijani.

"Labda mti una njaa," alisema Kazija.

Mmanga alichota maji ya pipani, akayatia ulimini. Akatema. Akainua macho kwenye ukuta wa darini. Wiki mbili nyuma ulikuwa ukivuja, akaupiga chokaa yeye mwenyewe, kazi safi hata majirani wakamsifu. Mvua za mchoo, zile za kipupwe, zilikuwa zimeiosha chokaa mbichi mpaka pipani, naye kila asubuhi akaubebea mti wake sumu kwa kata.

"Lazima niutoe chunguni niuoshe mizizi," alisema. "Na matumba yote niyatoe. Mti uliooshwa mizizi hauwezi kubeba maua."

"Yote? Na mama anakuja keshokutwa!" Kazija alimshika mkono. "Yanakaribia kufunguka, Baba Khairat. Mwache aone, kisha ufanye utakavyo. Siku mbili tu."

"Siku mbili ndizo zitakazouua."

"Na ukiyatoa, kisha mti ukafa vilevile? Utamuonesha nini, chungu?"

Mmanga aliuinamia mti. Aliyatazama matumba. Moja lilikwisha kutoa ncha ya waridi. Akaanza na hilo.

Kazija aligeuka akaondoka, na Mmanga akajua amemuudhi. Baada ya kitambo mlango ukagongwa kwa mguu. Mkewe alikuwa na ndoo mbili.

"Maji ya kiyoyozi cha hoteli ya jirani," alisema, akihema. "Hayajapita kwenye jiwe. Na weye una wazimu, nnakwambia."

Wakauosha mti pamoja, mzizi kwa mzizi.

Alkhamisi Bi Mwanamwema alipita moja kwa moja mpaka uani, bakora mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maua yako wapi?"

"Nimeyatoa. Nimeunywesha chokaa bila ya kujua. Kosa langu mwenyewe, mama."

"Kaa kwanza, mama, unywe chai," Kazija alidakia.

"Kwenye boti nilikuwa nimesimama?"

Bibi aliinama. Akakwaruza gome la tawi la juu kwa ukucha: kahawia, tawi limekufa. Akakwaruza la pili: kahawia. Ukucha ukashuka shinani, ukasita, ukakwaruza. Kijani, chenye unyevu.

"Nani alikuambia utoe matumba?" bibi aliuliza.

"Hakuna. Niliona mti hautaweza vyote viwili, kupona na kuchanua."

"Na ulijua nakuja."

"Nilijua."

Bibi alinyoosha mkono bila kugeuka. "Kazija, mkasi." Alipopewa, akampa Mmanga. "Kata wewe. Macho yangu hayaoni vizuri."

Mmanga akakata tawi la kwanza, akakata la pili.

"Na hilo la kushoto?"

Mmanga alilikwaruza. Si kijani, si kahawia. "Hilo tungoje, mama."

Bibi alivuta kibao, akakaa mbele ya chungu. Kazija akamuuliza tiketi yake ya kurudi ni ya siku gani.

"Hukumsikia mumeo?" alisema bibi. "Tungoje."