Kikohozi cha Kiko

Jumatatu nilimpeleka mama kliniki ya moyo, Biharamulo, mtoto mgongoni. Tangu apate mshtuko wa moyo mwaka jana, akipanda kilima kidogo tu anahema, na sisi wote tunasema ni moyo. Mlango wa daktari ulikuwa wazi, ndani yupo bibi mwingine na binti yake.

"Shikamoo bibi. Unakohoa?"

"Marahaba. Sikohoi."

Binti akadakia, "Anakohoa kila asubuhi, daktari."

Bibi akamkata jicho. "Hicho ni cha kiko. Siyo ugonjwa."

Daktari akampulizisha kipimo cha mapafu, kumbe nayo yana ugonjwa, hakuna aliyejua. Bibi akatoka na dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya kufungua kifua, mkononi.

Niliona wivu, sifichi. Dawa niliitamani kwa ajili ya mama, ila zaidi nilimwonea wivu binti yule, asiyeogopa jicho la mama yake.

Zamu yetu ikafika. Daktari akauliza, "Mama, unakohoa?" Mama akajibu, "Hapana." Naye kiko anavuta tangu sijazaliwa. Akanitazama. Nikasema, "Anakohoa, daktari."

Amepuliza, akapigwa na picha ya kifua, kwa hiyo majibu yote tutapewa Alhamisi. Mpaka leo hanisemeshi. Sawa, aninunie, mradi aninunie akiwa hai.