Nyumba ya Magogo ya Bi Keturah

Kitabu cha ukoo wa Haldercott kinasema babu yao alizaliwa katika nyumba ya magogo kando ya kijito chetu, hapa Ohio. Uongo mtupu! Aliyezaliwa humo ni jirani yangu Keturah Stroud, na aliyeijenga ni baba yake, kabla hata kaunti haijapewa jina. Hati ya ardhi hakuwa nayo. Nani alikuwa nayo siku zile?

Sijapata kuona mtu mwenye shaka kama yule mjane. Mhubiri akimsifia kuimba, anamuuliza, "Haya, unataka nini?"

Basi mwaka wa 1840 akaja Lucius Haldercott na gari la farasi wawili na paja la nguruwe la kukaushwa kwa moshi. Babu yake alikuwa jaji, baba yake mbunge, sasa ilikuwa zamu yake kugombea. Wote walizaliwa kwenye jumba la matofali. Lakini mwaka ule wapiga kura walitaka mtu wa kawaida, wa nyumba ya magogo, na matofali yalikuwa nuksi.

"Siku moja tu, mama," Lucius akasema. "Nitasimama mlangoni pako niwaambie watu babu yangu alizaliwa humu. Wewe uitikie. Nami nitakuezekea paa jipya."

Bi Keturah akamkatia mbwa kipande cha ile nyama, akangoja aone kama atakufa. Mbwa akaomba tena.

"Huyu anataka magogo yangu, Orpha," akaninong'oneza. "Atayapakia kwenye magurudumu ayatembeze mjini na bendera." Kwingine walikuwa wakifanya hivyo kweli. Lakini paa lilikuwa likivuja hadi kitandani, na kikohozi chake kilinitisha.

"Kubali, shoga," nikamwambia. "Si kusema tu?" Mungu anisamehe.

Siku ya mkutano tulikuwa watu mia tatu. Tulikula ng'ombe mzima, tukanywa pombe ya tufaha hadi mhubiri akakaa chini. Lucius akapaza sauti, "Nani alijenga nyumba hii?" Bi Keturah, huku ameng'ang'ania mwimo wa mlango asije mtu akang'oa gogo, akajibu, "Baba wa babu yako!" Tukashangilia. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka.

Paa likaezekwa. Wiki mbili nzima alilala na shoka ubavuni, na hakuna aliyegusa gogo hata moja.

Lucius akashinda. Theluji ilipoyeyuka ikaja barua ya mahakama: ikiwa nyumba ilijengwa na Haldercott, basi na ardhi ni ya Haldercott.

"Ulisema au hukusema?" jaji akamuuliza.

"Nilisema, lakini ulikuwa uongo wa siasa tu!"

Watu wakacheka.

"Sasa tukuamini lini, mama? Yuko jirani anayejua ukweli?"

Mume wangu alikuwa ameshapewa na akina Haldercott kazi ya kutunza barabara. Akanisukuma kwa kiwiko. Chumba kizima tukatazama viatu vyetu. Bi Keturah akageuka, akanitafuta kwa macho.

"Orpha, waambie. Baba yako na wangu ndio waliopandisha ile boriti ya juu."

Nilijua. Baba alinisimulia mara mia.

"Mimi sikuwa nimezaliwa," nikasema.

Hakunitukana. Ningemshukuru angenitukana.

"Wote hawa niliwashuku," akasema taratibu. "Wewe tu sikukushuku."