Wiki Baba Alikataa Kucheka

Mu nyumba yetu hakuna mutu anaomba baba kitu wakati uso yake iko mukavu. Unangoja filme. Filme ya kauboi ya kuchekesha, zile za zamani kabisa. Baba anaanza kucheka, tumbo inapanda inashuka, na pale pale, pumuzi haijarudi, unaomba.

"Baba, viatu vya shule vimepasuka."

"Utapata, utapata!" anajibu, machozi ku macho.

Na neno yenye imetoka mu kicheko hairudi. Hakuna mutu alitangaza hiyo sheria, lakini hata mama anaifuata. Frigo yetu aliipata siku farasi ilikalia kofia ya hakimu.

Kauboi yenye kila mutu anajua, baba haipende. Zile mutu anapiga risasi na hakose hata mara moja, anasema hiyo si filme, ni majivuno. Yake ni zenye jirani hajasikia hata jina. Bunduki imeingia maji. Mwizi anapanda farasi na kichwa inaangalia nyuma. Sherifu, njo polisi mukubwa wa kule, anafukuza watu na mguu moja mu ndoo. Filme zingine huku kwetu wanaziwekea sauti ya Kinyarwanda, mutu moja anasemea wote. Hizi hakuna mwenye alijisumbua. Ziko tu mu Kingereza yao, na baba Kingereza hajue. Donc anawasemea mwenyewe, mu Kiswahili ya hapa Gisenyi. Farasi ikigoma kutembea, utasikia baba na sauti ya puani: "We mwanaume, umekunywa chai na mukate, na mi umenipa nini?"

Muzuri, ndiyo. Lakini mi zilikuwa zinanikasirisha. Farasi iko, barabara iko, na mutu haondoke! Mji ni njia moja, hoteli moja, mulango moja yenye inapigapiga. Gari ya farasi yenye ingebeba watu mbali, kila filme inavunjika gurudumu. Naangalia ule mji, naona wetu. Mbele ziwa, kando barrière ya mupaka na Congo, nyuma mulima. Na mi mu kati, mguu ku pedali ya mashine ya kushona.

Juu baba ni mushonaji. Wakati wa mvua pikipiki ilianguka naye ku kona, sasa mguu yake ya kuume iko na chuma ndani. Mikono ni mizima. Anakata kitambaa, anaongoza mushono, na mi nakaa kando yake nakanyaga. Nilimaliza sekondari, nikakuwa mguu. "Mguu, kanyaga!" anaita mbele ya wateja, na wateja wanacheka. Mi sicheke.

Kisha walinipigia toka Kigali. Kampuni moja inaweka sola ku nyumba za watu, wananipa nafasi ya kujifunza kazi kwao. Lakini nijibu mbele ya Ijumaa jioni, nisipojibu wanapatia mwingine. Niliambia mama. Mama siri hana mahali ya kuiweka. Na toka ile siku, baba akaacha kucheka.

Mwanzoni sikuelewa. Jumapili, siku ya Mungu, niliweka filme yenye anapenda kushinda zote, ile wezi wanavunja nyumba wakifikiri ni benki, kumbe kuna ndoa, na wanapewa masahani ya chakula. Nikakaa tayari, mudomo nusu wazi. Baba akaangalia ile filme sawa mutu anaangalia habari za matanga. Hakusemea hata kuku.

Mudogo wangu akamuuliza, "Baba, hii si yenye unapendaka?"

"Ninaangalia."

"Lakini hucheke."

"Meno inaniuma."

Kesho yake ingine. Kesho kutwa ingine. Kimya. Mi nilikuwa namwangalia yeye, filme siione tena, na nikaona tumbo inatikisika chini ya shati huku uso ni jiwe. Anachekea ndani! Mutu muzima, ndevu nyeupe, anauma mudomo juu mutoto asipate njia ya kuomba. Njo pale nilielewa. Ananikatalia mbele hata sijauliza.

Nyumba yote ikafungwa pamoja na mi. Mudogo wangu alikuwa anangoja kuomba mupira. Akanipiga kiwiko mu jikoni: "Dada, juu yako mi nitacheza na mupira ya majani ya ndizi?"

"Muombe wewe."

"Na ile uso? Yewe! Anza wewe, mwenye kuleta shida."

"Hata mi niko na yangu," mama akasema, anakata majani ya sombe na hasira. "Mutatue hiyo mambo yenu, watu wapumue."

Alhamisi nikatoka mbio mpaka kwa kijana mwenye anajazaka filme ku flashi, kando ya soko. Akili yangu ilikuwa moja tu. Filme yenye baba anaijua, anaweza kujifunga mbele kicheko kije. Yenye hajue, hataweza.

"Nipatie kauboi ya kuchekesha, ya zamani, yenye hakuna mutu anajua."

"Sista, kama hakuna mutu anaijua, mi nitaijua na nini?"

"Tafuta, sha. Sina muda."

"We kila siku huna muda. Bon, kuna moja hapa haina hata jina. Ikiwa mubaya, usinirudilie."

Nikaiweka jioni. Picha ilikuwa na mistari sawa mvua. Baba akafunga mikono ku kifua. Sherifu anakamata mutu wa bure, anasema kesho kutwa atanyongwa mbele ya mji wote. Lakini sherifu anataka suti mupya ya kuvaa ile siku, na mushonaji wa mule ni moja tu, njo yule mufungwa. Donc wanamuletea mashine mu kashó, mule chumba ya wafungwa. Sherifu anakuja kujaribu, mukono moja ni ndefu. Anarudi, kola bado. Anarudi, suruali inabana, juu mwenyewe ananenepa na kungoja. Siku ya kunyonga inasogezwa. Watu wanarudi kwao na viti vyao.

Nikasikia kitu sawa kikohozi. Kisha baba akapasuka. Akapiga mukeka na mukono, akaanza kumusemea mufungwa: "Mukubwa, kuja kesho! Imebaki kifungo tu! Wallahi kesho!" Mama akacheka, na mudogo wangu, na mama akanifinya paja.

"Baba," nikasema, "niende Kigali?"

Alikuwa bado anacheka. "Hapana," akasema, mu kicheko.

Haijafanyikaka. Hata mama akageuka.

Baba akajipanguza macho. "Munafikiri mi sijue? Miaka yote munanivizia. Nawaacha, juu na mi inanipa njia ya kusema ndiyo bila maneno mingi. Lakini ndiyo ya kicheko ni ya viatu na frigo. Hii yako ni kubwa. Nikiitoa na kicheko, asubuhi uso itakauka, na we utakuwa mu basi, unaona ile uso njia yote."

"Kwa hiyo ni hapana."

"Leo ni hapana. Wacha nimalize filme."

"Baba, kesho ni Ijumaa!"

"Kaa."

Nikakaa. Kutoka ningetoka niende wapi? Ilikuwa mara ya kwanza naangalia filme yake mpaka mwisho bila kuvizia. Mufungwa anakosa vifungo, sherifu mwenyewe anamufungulia, anamubembeleza akimbie dukani. Na ule mujinga anaenda, ananunua vifungo, anarudi ndani. Nikapiga kelele: "Mulango iko wazi, we!"

"Suti haijaisha," baba akasema polepole.

Nililala na hasira. Asubuhi mashine ikaniamusha, inaenda, inasimama, inaenda. Nikaangalia mu salo, chumba ya wageni. Mama alikuwa amekaa mu kiti yangu, kitenge imepanda ku magoti, anakanyaga. Baba anashika kitambaa.

"Polepole! Unakimbizwa na nani?"

"Si we ulisema nikanyage?"

"Kukanyaga, si kuua nyoka!"

"Basi ita mutu wako wa Kigali akuje akukanyagie!"

Uniforme ya mutoto wa watu ilikuwa inatoka na mushono wa kupinda, ikaenda kushoto, ikajuta, ikarudi. Mama alikuwa na jasho, na bado soko ilikuwa inamungoja na nyanya zake za kuuza, zenye zinatoka Cyanzarwe. Mguu yangu ilitaka kwenda pale yenyewe. Nikaizuia ku mulango.

Baba akaniona. Hakucheka, hata kidogo.

"Uliza sasa," akasema. "Uso iko mukavu."

Nikauliza.

"Enda," akasema. Akavuta uzi, akaukata na meno. Mi nilikuwa bado naangalia ile kitambaa, namna nitaifumua, wapi nitaanzia. "Usiangalie mushono. Jibu watu."